Alipenda kusoma na kuandika tangu chuo cha Kurani, sasa yuko kidato cha tatu hataki kuona kitabu. Tatizo liko wapi?

#1 Mama_wa_Langoni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina swali, na kama kuna walimu humu naomba wanijibu bila kunificha.

Mwanangu wa kiume alianza chuo hapa Amu (mji wa Lamu) kabla hajatimiza miaka mitano, na hijai, yaani herufi za Kiarabu, akaishika upesi kuliko wenzake. Alipoingia shule akawa hawezi kupita penye maandishi asiyasome: magunia ya sukari yakiteremshwa gatini, majina ya mashua, kipande cha gazeti kilichofungiwa viazi karai. Darasa la nne na la tano alikuwa akiandika hadithi nyuma ya madaftari ya hesabu, hadithi za majini wa magofu ya Takwa na za papa anayezungumza, kisha anatusomea barazani baada ya isha. Babu yake akimkatiza kwa maswali, naye akikaa kesho yake kurekebisha.

Alifanya KCPE (mtihani wa darasa la nane) ya mwisho, ile ya 2023. Sasa yuko kidato cha tatu na kitabu hakigusi. Vitabu teule vya fasihi, vile vya mtihani, anasoma mwongozo wa kuvichambua tu, hadithi yenyewe hajaifungua. Juzi nimempa fomu ya basari, ya msaada wa karo, pana pahali pa kueleza kwa nini unahitaji msaada, akaandika mstari mmoja na nusu akanirudishia.

Si mtukutu, wala hana marafiki wabaya. Mimi nasema shule ndiyo iliyoiua hamu yake. Babake anasema ni umri tu. Nyinyi mwaonaje?

#2 Nahodha_Mstaafu

Wa aleikum salaam. Simu. Mnyang'anye simu muhula mmoja uone.

#3 Binti_Mkomani

Nahodha, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Mimi nilimaliza sekondari kabla simu za kugusa hazijafika kisiwani, na yaliyompata mtoto huyu yalinipata vilevile, tena mwaka uleule wa masomo.

Darasa la sita tulipewa kichwa cha insha, "Siku Nisiyoisahau". Nikaandika jinsi mashua yetu ilivyokwama kwenye mkondo wa Mkanda maji yalipokupwa, tukakaa humo na watoto wachanga na mbuzi mmoja mpaka maji yalipojaa. Niliandika kila kitu nilichokiona: nani alilia, nani aligawa tende, nahodha alivyokuwa akipima maji kwa upondo kila mara. Nikapata alama ya chini. Pembeni kumeandikwa kwa wino mwekundu: haina mapambo ya lugha.

Tulikuwa na orodha ya mapambo tuliyoipewa tuikariri. Majogoo yawike. Jua litoe miale. Nidamke, nioge, nistaftahi, nishike tariki guu mosi guu pili. Mwisho niweke majuto ni mjukuu. Basi nikaiandika upya insha ileile, nikaanza na majogoo, nikaenda guu mosi guu pili mpaka gatini, Mkanda nikaupa mistari minne tu, nikafunga na majuto. Alama zikapanda sana.

Kwa umri wangu ule nilielewa jambo moja: hawataki kujua kilichotokea Mkanda. Tangu siku hiyo nikaandika walichotaka, nikapasi vizuri, na nyumbani sikuandika tena kitu cha kwangu kwa miaka mingi.

#4 Mwalimu_wa_Mokowe

Salaam. Nafundisha Kiswahili sekondari huku bara. Dada Binti_Mkomani, insha yako ya Mkanda ningependa kuisoma hata leo. Lakini nimtetee mwalimu wako kidogo, kwa sababu nimekaa kwenye kiti chake.

Insha ya KCPE ilikuwa alama 40 kwa dakika 40. Mtahini anayesahihisha hamjui mtoto, na rundo la karatasi mbele yake halimaliziki. Sasa mwalimu ana wanafunzi sitini na ushei, wengine nyumbani hawasemi Kiswahili kabisa, anawapa kitu cha kushikilia. Ile orodha ilitungwa kwa ajili ya mtoto ambaye bila hiyo angekaa dakika 40 na karatasi nyeupe. Huyo imemsaidia, nimeona kwa macho yangu. Kosa lilikuwa kumpa orodha ileile mtoto wa Lamu ambaye tayari ana maneno yake, tena kumwadhibu akiyatumia.

Mama_wa_Langoni, kwa mwanao mimi ningeangalia zaidi darasa la nne kuliko kidato cha tatu. Sera yetu ni kwamba madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo analoishi, kisha kuanzia la nne masomo ni kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mtoto anayesoma magunia ya sukari ghafla anapewa sayansi asiyoielewa maneno yake. Mwaka wa kwanza anajitahidi. Wa pili anajifunza kukariri bila kuelewa. Ikifika sekondari kusoma kumekuwa kazi ya kutafuta jibu tu, na mwongozo ndio njia fupi ya kulifikia.

#5 Malindi_Kwetu

Watu wa Lamu mkianza kulalamika jua litazama. 😀

Njooni Malindi muone jambo. Wako vijana huku ambao shuleni walikuwa hawaandiki hata aya moja ya Kiingereza ikaeleweka. Wakashuka ufuoni kuuza vinyago na kuwapeleka wageni kutazama matumbawe, na Kitaliano wakakishika bila mwalimu: kuzungumza, kusoma orodha za vyakula za mikahawa, mpaka kuwaandikia marafiki zao walioko Italia wakati si msimu wa wageni. Binamu yangu ni mmoja wao. Shuleni aliitwa mzito. Sasa anakaa usiku na kamusi aliyoachiwa na mgeni, anatafuta neno moja nusu saa kwa sababu hataki kuonekana mjinga kwa mtu anayemheshimu.

Kwa hiyo mambo ya umri mimi siyasadiki. Mtu huandika akiwa na wa kumwandikia na haja ya kumwandikia.

#6 Fundi_wa_Majahazi

Malindi_Kwetu, hiyo ni biashara, si kusoma.

#7 Malindi_Kwetu

Fundi, na wewe ukiandika vipimo vya mbao kwenye ukuta wa karakana unafanya nini, unapamba?

#8 Fundi_wa_Majahazi

😂 Haya, umenipata. Lakini mwanangu hasomi hata huo ukuta.

#9 Kibaraza_Mkunguni

Nawasoma kimyakimya tangu asubuhi. Mnasahau kwamba sisi asili yetu ni watu wa kusikiliza. Kitabu kilikuja na shule za Wazungu. Mwana Kupona, mshairi wa hapa Lamu, alimwimbia bintiye, hakumwandikia. Mtoto akiacha kusoma anarudi kwenye asili, akisikia shairi zuri atalishika moyoni hata kama daftari halimo.

#10 Mjukuu_wa_Siyu

Kibaraza, kwa heshima zote, hapo umechanganya mambo.

Kwanza, Mwana Kupona binti Msham ni mzaliwa wa Pate, na mumewe Bwana Mataka ndiye aliyekuwa mtawala wa Siyu. Si haki kumfanya wa mjini Amu kirahisi hivyo, sisi wa visiwa vya juu tuachieni chetu.

Pili, utendi wake ule wa 1858 wa kumuusia bintiye una beti mia na mbili, na mwanzoni kabisa mama anamwambia binti akaribie, achukue wino na karatasi. Yaani binti wa kike, kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kufungua shule huku, anatarajiwa na mamake kuandika. Na si huyo peke yake. Siyu ilijulikana kwa kunakili misahafu kwa mkono, yenye mapambo ya rangi pembezoni, na mingine iko mpaka leo kwenye makumbusho. Ule ulikuwa mji wa waandishi.

Nyanya yangu mzaa mama serikali ilimhesabu kuwa hajui kusoma wala kuandika, kwa sababu herufi za Kizungu hakuzijua. Lakini alikuwa na daftari la madeni ya duka, la tarehe za kuzaliwa wajukuu wote na la dawa za mitishamba, lote kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Aliandika mpaka alipokufa. Hakuna aliyempa alama.

#11 Kibaraza_Mkunguni

Shukran kwa sahihisho, nimelipokea. Ila hoja yangu ya masikio bado naishikilia. Wasiya wa Mabanati wa Ustadh Mahmoud Mau, mshairi wetu wa Lamu, ule wa 1974, sisi wengi wa umri wangu tuliusikia kwa kanda za kaseti majumbani kabla hatujauona kwenye karatasi. Wanawake walikuwa wakisuka ukili huku wanaurudia. Huko si kusoma?

#12 Binti_Mkomani

Ni kusoma, ami. Lakini Ustadh aliuandika kwanza. Lazima awepo wa kuandika ndipo wengine wasikilize, na Mama_wa_Langoni analalamika kwa sababu mwanawe alikuwa katika wale wa kuandika.

#13 Baharia_wa_Faza

Mimi nataka kurudi kwa aliyoyasema Malindi_Kwetu, kuwa na mtu wa kumwandikia, kwa sababu hapo ndipo ninapoona mabadiliko makubwa kuliko simu na kuliko mtihani.

Nilipokuwa darasa la tano, mtaani kwetu wanaume wengi walikuwa Saudia, Oman na Dubai. Wake zao na mama zao wengi hawakujua herufi za Kizungu, na waume wengine walikuwa hawasomi za Kiarabu. Basi sisi watoto wa shule ndio tuliokuwa makarani. Alasiri baada ya chuo unaitwa ndani, unapewa mkeka, halua au mahamri, na karatasi ya barua ile ya mistari ya samawati. Mama anasema, wewe unaandika. Akisema jambo la siri anainamisha sauti. Akilia unangoja. Kisha anakwambia: nisomee nisikie. Unamsomea. "Hapana, hapo nimekuwa mkali, laini kidogo." Unaandika upya.

Hakuna mwalimu aliyenifundisha kuandika kama wale kina mama. Nilijifunza kwamba neno moja laweza kumfanya mtu wa Jeddah asitume pesa miezi miwili. Nilijifunza kuanza kwa salamu bila kumchosha msomaji, nikajifunza kuacha jambo zito katikati ya barua, si mwanzo wala mwisho. Na majibu yalikuja! Jibu likija unaitwa tena kulisoma, na hapo unaona kama ulieleweka.

Leo mama yule anabonyeza kitufe cha WhatsApp anasema mwenyewe kwa sauti yake. Ni kheri kwake, siri zake hazipiti kwa mtoto wa jirani. Wala sitaki zirudi siku zile. Lakini mtoto wa darasa la tano amepoteza kazi iliyokuwa ikimpa heshima mtaani kwa sababu ya kalamu yake. Amebaki na mwalimu tu wa kumwandikia, na mwalimu tayari anajua majogoo yatawika.

#14 Nahodha_Mstaafu

Nilisema simu mkanikatalia. Haya, si hiyo simu?

#15 Baharia_wa_Faza

😀 Nahodha umepata, ila si kwa sababu uliyoitaja. Wewe ulisema simu ya mtoto. Mimi nasema ya mamake.

#16 Mama_wa_Langoni

Nimesoma yote, nimeyatafakari jikoni mpaka mbaazi zikashika chini. Mungu awabariki.

Baharia umenigusa pahali, kwa sababu babu yake aliyekuwa akimsikiliza barazani alifariki alipokuwa darasa la saba. Sikuwahi kuviunganisha hivi vitu viwili. Lakini tena, hadithi alikuwa ameshaanza kuzipunguza kabla ya hapo, la sita, kama alivyosema Binti_Mkomani. Sijui.

Nimemuuliza kijana mwenyewe jana kwa upole: kwa nini husomi vitabu teule? Akaniambia, "Mama, kwenye mtihani hawaulizi kama uliipenda. Wanauliza dondoo nani kasema, kamwambia nani, wapi." Nikakosa la kumjibu.

#17 Mwalimu_wa_Mokowe

Pole kwa msiba wa mzee, Mama.

Kijana amesema nusu ya kweli. Swali la dondoo lipo, na wengi wanalipitia kwa mwongozo. Lakini yapo maswali ambayo mwongozo haukusaidii, yanayotaka uoneshe jinsi mhusika anavyobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo anayejua mwongozo tu huandika sentensi zilezile za wenzake darasa zima. Ninapozisahihisha najua mwongozo gani wametumia.

Na mimi ni msomaji jamani. Mnasema mwalimu anajua majogoo yatawika, kweli najua, ila mwaka jana msichana mmoja aliandika barua kwa mhariri kuhusu punda wanaobebeshwa mawe ya matumbawe na mchanga kupita nguvu zao, nikasimama pale ofisini nikawasomea walimu wenzangu. Tunasoma. Tatizo ni kwamba nikikaa na kila mmoja dakika kumi, darasa moja litanichukua wiki nzima, nami nina madarasa manne.

#18 Kijana_wa_Shela

Hii yote ni shida ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1989. Sasa tuna CBC, mtaala mpya wa umilisi, mtoto atapenda kusoma tena. Tatizo litaisha lenyewe.

#19 Mjukuu_wa_Siyu

8-4-4 ilianza 1985, na KCPE ya kwanza ni ya mwaka huohuo. 1989 ni KCSE ya kwanza, mtihani wa kidato cha nne. Na ni mfumo huohuo uliokifanya Kiswahili kiwe lazima na kitahiniwe kwa kila mtoto, kabla yake wengi walikuwa wakikiruka. Tuulaumu kwa haki.

#20 Binti_Mkomani

Kijana_wa_Shela, KPSEA, tathmini ya gredi ya sita kwenye CBC, iliyoanza 2022, ni ya kuchagua majibu. Mpwa wangu ameifanya. Kuandika kwake kumebaki kazi za darasani, na nyingi zilikuwa za kuchapisha kwenye karatasi ambazo mamake alikwenda kuzilipia dukani. Usilete mfumo kama dawa.

#21 Kijana_wa_Shela

Ahsante kwa mwaka. Hata hivyo mpwa wako angalau hakupigiwa mstari mwekundu kwa kuandika "nalikwenda" kama anavyosema nyumbani. Mimi nilipigiwa. Sisi Waamu tumezaliwa na Kiswahili mdomoni halafu tunaambiwa tumekosea na mtu aliyekijulia ukubwani. Kuna sababu nyingine ya kuchukia kalamu zaidi ya hiyo?

#22 Mwalimu_wa_Chuo_Wiyoni

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa chuo, si wa shule, naona nami niseme.

Chuoni mtoto mmojammoja huja mbele yangu na juzuu yake kila siku ya Mungu. Namsikiliza. Akikosea irabu namrudisha, akisoma vizuri nampandisha. Hakuna anayejificha nyuma, hata mvivu atasikilizwa. Ndiyo maana mtoto wa Mama_wa_Langoni alianza na hamu: alikuwa na mtu anayemsikiliza kila siku, peke yake. Shuleni wanasoma kwa pamoja, na anayejua kufungua mdomo bila sauti hagunduliki mpaka mtihani.

Sisemi walimu wa shule ni wavivu. Mwalimu wa Mokowe ametueleza hali yake. Nasema tu njia ya kumsikiliza mtoto mmojammoja tunayo hapa kisiwani kwa karne nyingi, na shule haikuichukua.

#23 Daktari_Mtarajiwa

Maalim, naheshimu sana. Lakini niseme upande wa pili kwa adabu: nami nilisoma chuo mpaka nikakhitimu, na kwa miaka ile yote nilikuwa nikisoma vizuri sana kitu nisichokielewa maana yake. Tajwidi safi, maana sifuri. Nilipokutana na sayansi kwa Kiingereza nikafanya vilevile: nilisoma kwa sauti nzuri, sikuelewa, wala sikushtuka kwamba sielewi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kusoma. Ilinichukua muda mrefu chuo kikuu kujifunza kusimama na kujiuliza sentensi inasema nini.

#24 Mwalimu_wa_Chuo_Wiyoni

Hilo ni la kweli, mwanangu, na ndiyo sababu wengine wetu siku hizi tunawafasiria sura fupi tangu mwanzo. Zamani tafsiri ilingoja mpaka ukubwani. Lakini kutoelewa hakukukufanya uache kusoma, wewe uko chuo kikuu. Kijana wa huyu mama ameacha.

#25 Malindi_Kwetu

Maalim kamjibu. 👏

#26 Fundi_wa_Majahazi

Niulize la kipumbavu. Maktaba je? Mtoto asome nini, magunia? Pale Ngomeni, kwenye ngome ya mjini, kuna vitabu tangu enzi za Mwingereza lakini ni wangapi wanaoingia?

#27 Kibaraza_Mkunguni

Fundi, enzi za Mwingereza walioingia Ngomeni waliingizwa kwa nguvu. 😀 Lilikuwa gereza, na liliendelea kuwa gereza mpaka 1984. Maktaba na makumbusho vimekuja baada ya hapo. Ila swali lako si la kipumbavu. Kitabu cha hadithi kipya ni bei ya samaki wa siku mbili, na ukikitaka Kiswahili kinachomfaa mvulana wa miaka kumi na sita utazunguka Amu nzima. Kuna vya watoto wadogo, kuna vitabu teule. Katikati hakuna kitu. Wapi huyu kijana angepata kitabu cha umri wake hata angetaka?

#28 Binti_Mkomani

Hili la katikati hakuna kitu lina uzito, sikuwa nimelifikiria. Mimi nilirudi kuandika nikiwa mtu mzima, kwa sababu ya harusi. Rafiki yangu alitaka beti za kumtuza bi harusi, nikajaribu, zikapendwa, sasa naitwa hata Shela na Matondoni. Lakini kati ya miaka kumi na mbili na ile harusi sikusoma kitu kwa hiari yangu, na nikikumbuka vizuri, hakikuwepo cha kusoma.

#29 Mama_wa_Mapacha_Mld

Hodi. Mimi niko Malindi, mpita njia tu. Nyote mna sababu nzuri, lakini mimi nina mapacha, wasichana wawili. Shule moja, darasa moja, mwalimu mmoja, chuo kimoja, nyumba moja, simu moja wanagombania. Mmoja anasoma mpaka maandishi ya chupa ya dawa ya meno. Mwenzake tangu darasa la tano ameacha kabisa, anasema kitabu kinamuumiza kichwa. Sababu zenu zote zimewapata wote wawili sawasawa. Nielezeni.

#30 Daktari_Mtarajiwa

Dada, huyo anayesema kichwa kinauma amepimwa macho? Sisemi kwa mzaha. Mtoto wa darasa la pili anasoma herufi kubwa, vitabu vina picha. Ikifika la tano au la sita herufi zinakuwa ndogo, mistari mingi, na ubaoni mwalimu anaandika kwa haraka. Mwenye tatizo la macho hapo ndipo anapoanza kuchoka, na hajui kwamba wenzake hawachoki, maana hajawahi kuona kwa macho ya mwingine. Anaonekana mvivu. Nimewaona wakipewa miwani wakabadilika.

#31 Mama_wa_Mapacha_Mld

Hajapimwa. Wala haikunijia akilini, kwa sababu mbali anaona vizuri, hata mashua iliyoko nje ya bahari anaitaja jina.

#32 Daktari_Mtarajiwa

Kuona mbali na kuona karibu ni vitu viwili. Anaweza kusoma jina la mashua na bado akapata taabu na kitabu. Nenda hospitali yenye kliniki ya macho, sema maumivu ya kichwa yanakuja wakati wa kusoma, watajua cha kupima. Na Mama_wa_Langoni nawe vilevile, haikugharimu kitu kuuliza.

#33 Nahodha_Mstaafu

Basi ni macho, ni msiba, ni Kiingereza, ni majogoo, ni barua za Arabuni, ni miwani. Mimi narudi palepale, simu inaharibu hayo macho.

#34 Baharia_wa_Faza

Nahodha wewe hushindwi. 😂

Mama_wa_Langoni, swali kutoka kwangu: ile fomu ya basari, aliambiwa itasomwa na nani? Sisi tulipokuwa makarani wa mtaa, jambo la kwanza tulilouliza ni "barua hii ya nani?" Kama kijana anadhani fomu inakwenda kwenye rundo, mstari mmoja na nusu ni mwingi.

#35 Mama_wa_Langoni

Hakuambiwa. Nilimpa tu nikamwambia jaza. Fomu inarudishwa wiki ijayo, bado ninayo nyumbani. Baharia, huko kwenu kamati ya basari inakaa na nani, wazee wa mtaa wamo? Na Mwalimu wa Mokowe, kuna ubaya akiambatisha karatasi yake tofauti, au wataikataa?

#36 Mwalimu_wa_Mokowe

Hawaikatai, mradi fomu yenyewe imejazwa na mihuri ya shule na ya chifu imo. Aandike ukurasa mmoja, kwa mkono wake, kwa Kiswahili. Na mwambie asianze na majogoo.